Mabegi Mlangoni

Bajeti ikikwama bungeni, wafanyakazi wa idara ya ujasusi hufungwa kumbukumbu za kazi. Siri ni mali ya serikali, na serikali iliyoishiwa hufunga maghala yake, hata kama ghala lenyewe ni kichwa cha mke wangu.

Jana mchana Mghoi alinipigia simu kutoka kazini, sauti ikimtetemeka.

"Baba Wakesho, fungasha nguo za watoto. Tunahama mji huu leo hii. Nikifika nitakueleza."

Mume wa jasusi hujifunza kutouliza. Sikuuliza. Nilifungasha, watoto wakavaa viatu, tukakaa sebuleni kumsubiri. Redio ikatangaza kwamba wabunge wamezomeana, kikao kimevunjika, bajeti haikupita.

Mghoi aliingia akitabasamu, mkate mkononi.

"Mabegi ya nini haya? Kuna safari?"

"Si wewe uliyesema tuhame?"

"Mimi? Tuhamie wapi?"

Nilimshika mabega nikamsihi akumbuke. Alinitazama kama mtu anayeulizwa ndoto ya mwenzake. Nikapiga simu idarani. Aliyepokea naye hakujua lolote. Akanishauri nisubiri bunge lirudi.

Ningewachukua watoto nikakimbia, lakini nikimbilie wapi? Pengine huko ndiko hatari inakotokea.

Mghoi aliwavua watoto viatu, akaanza kurudisha nguo kabatini huku akiimba. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Akaitazama, kisha akaniuliza kama nami nasikia baridi.