Akaunti ya Mwalimu

Niyonsaba alipogusa kipanya, akaunti ya mtu mwingine ilitokea mbele yake.

Alikuwa amekuja steshenari, Kasulu mjini, kuchapa barua ya kikundi chao cha mbegu za maharage. Badala yake alikuta ombi la uhamisho la mwalimu wa Munanila, aliyetaka kuhamia Kibondo kwa sababu mke wake amejifungua mapacha. Chini yake kulikuwa na kitufe chekundu: Futa ombi.

Aliondoa mkono haraka. Nyuma yake watu watatu walikuwa wakisubiri kompyuta hiyohiyo.

Namba ya simu ilikuwa kwenye ombi. Akapiga.

"Mwalimu, umeacha akaunti yako wazi huku steshenari."

"Yesu wangu. Niko stendi, mama. Nakuja."

Alifika anahema, shati limelowa jasho. Niyonsaba akamwachia kiti.

"Badilisha nywila kabisa. Sisi hatutaki kuiona." Akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Na ninyi tazameni ukutani."

Wakageuka wote wanne, Niyonsaba akiwamo, pua karibu na rangi ya kijani iliyobanduka, wakasikiliza vidole vikigonga herufi mojamoja.

"Tayari. Nimetoka."

"Ingia tena, tuone kama imekubali."

Vidole vikagonga, kisha vikasita.

"Mama," mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "nimeshaisahau."

Foleni yote ikaangua kicheko.

"Omba nyingine kwa simu yako," alisema Niyonsaba bila kugeuka. "Tunasubiri."