Usingizi wa Kiti cha Mbele

Jumatano, mama mgeni wa kiti cha mbele alianza kukoroma kabla fundi cherehani hajamaliza ubeti wa kwanza. Ulikuwa mkoromo wa starehe, usio na haraka. Fundi akameza mate, akapandisha sauti, akalisoma shairi lake la mapenzi kama mtu anayegombea mpaka na jirani. Mgeni akageuzia shingo upande wa pili na kuendelea.

Nyuma ya pazia, mkutubi alishika kichwa. Jumatatu mama yule alilala wakati mjomba wa mkutubi, mwalimu mstaafu, akieleza asili ya majina ya mitaa. Hilo alilisamehe, kwa kuwa mjomba aliwahi kulaza kamati nzima. Lakini Jumanne yalikuwa maonyesho ya picha, watu wanatembea, na hapakuwekwa hata kiti. Mama alijitafutia kimoja.

Barua ilikuwa mfukoni mwa mkutubi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika. Ofisi ya utamaduni ilikuwa inatuma mkaguzi. Angekuja bila kujitambulisha, ashiriki Wiki ya Sanaa na Fikra kama mkazi wa kawaida, kisha aandike ripoti. Ripoti ikiwa mbaya, wiki isingefanyika tena na ukumbi ungegeuzwa ghala la mabomba. Mkutubi ndiye aliyeianzisha, miaka kumi na mmoja iliyopita, na viti vya kwanza alivibeba kichwani mwenyewe kutoka shuleni. Aliupenda ukumbi ule kuliko nyumba yake, wala hakuficha.

Kwamba mkaguzi ni mama yule, hakuwa na shaka. Mtaani hakuna aliyemfahamu. Alivaa viatu vya ofisini, na katika zile dakika chache alizokuwa macho alimkodolea kila msemaji mdomoni, kama anayehesabu makosa. Hata Mapafu, mpiga tarumbeta mpya wa bendi, alionekana kuujua ukubwa wake: kila jioni alimshikia mlango aingie, kisha yeye akaenda kukaa nyuma kabisa na kijidaftari chake cha muziki. Mkutubi hakupenda watu wa kujipendekeza.

Basi ikawa vita. Alhamisi ilikuwa zamu ya wauguzi na mchezo wao wa kuigiza, na mkutubi akawaagiza kwamba mfalme asife kimya kimya kama kwenye mazoezi, bali aangukie madebe. Mfalme akaanguka, madebe yakabiringika mpaka mlangoni, mtoto mmoja akaangua kilio. Mgeni alifungua jicho moja, akamtazama marehemu kwa huruma, akalifumba.

Ijumaa palikuwa na mjadala kuhusu faida za kusoma vitabu. Mkutubi aliwaomba wasemaji watofautiane kwa nguvu, nao wakatofautiana mpaka wakanuniana kwelikweli. Mama alilala saa nzima na dakika ishirini.

Ikabaki Jumamosi, siku ya bendi, na hapo mkutubi akamkumbuka Mapafu.

Mapafu alijiunga na bendi mwezi uliotangulia. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye bidii ya ajabu na maswali mengi: wiki hii aliianzisha nani, watu wangapi huja, viti hupangwa na nani. Alikuwa na kila kitu cha mwanamuziki isipokuwa sikio. Tarumbeta lake lililia kama geti lenye kutu. Wenzake walimvumilia kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka.

Saa moja kabla ya onyesho, mkutubi alimvuta kando.

"Kaka yangu, nisamehe," alimwambia. "Leo tarumbeta lishike mdomoni, uvimbishe mashavu, lakini usipulize. Mkaguzi yumo ukumbini."

Mapafu akamuuliza kama ana hakika. Mkutubi akajibu kwamba ana hakika kama anavyolijua jina lake mwenyewe.

"Haya, dada," alisema Mapafu, akaenda zake jukwaani.

Bendi ikapiga, na mgeni hakulala. Alikaa ukingoni mwa kiti, shingo ameinyoosha, macho makavu, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Pale jukwaani Mapafu alivimbisha mashavu kwa heshima zote. Mkutubi alilia kwa furaha nyuma ya pazia, wala hakujali nani anamwona. Ukumbi ulikuwa umepona.

Makofi yalipotulia alishuka, akampa mgeni mikono miwili na kumshukuru kwa kukaa macho.

"Ningelalaje leo?" mama alisema. "Mwezi mzima mume wangu anapuliza tarumbeta nyumbani usiku kucha. Jioni ananiburuta mpaka huku, nikikaa tu, usingizi unanichukua. Leo nikasema nijikaze, angalau nisikie amefikia wapi. Mbona sijamsikia?"

Mkutubi akakiri kwamba yeye ndiye aliyemkataza Mapafu asipulize, asije akamuudhi mkaguzi, na akamwomba mama asiliandike hilo kwenye ripoti.

Mama alimtazama mdomoni, kisha akatazama jukwaani, ambako mumewe alikuwa amelilaza tarumbeta magotini na kukifungua kijidaftari.

"Mimi natibu meno, dada," alisema. "Mkaguzi ni huyo uliyemkataza asipulize."