Kigelegele cha Nasra

Wodi ya wazazi ilipofungwa, vijana wa mtaa waliiomba wakaigeuza ukumbi wa mazoezi ya ngoma.

"Bibi, tupigie kigelegele tuanze," alisema Nasra.

Bi Mgeni alikuwa amesimama mlangoni, palepale aliposimama siku mjukuu huyu alipozaliwa. Mkunga alipomwambia ni msichana tena, alijitanda kanga yake akaenda zake, bila hata kigelegele kimoja.

Mkwewe Salha, mama yake Nasra, alikuwa amechutama akimfunga binti njuga miguuni. Aliinua uso.

"Mpigie, mama," alisema taratibu. "Siku ile nilitega sikio mpaka jioni."

Bi Mgeni akaweka kiganja mdomoni. Ulimi ulikuwa mzito. Mikono ya wapiga ngoma ilisubiri hewani.