Sifuri ya Kambi ya Saba

Joab alipiga simu kwa namba ngeni, na hilo lilikuwa la kwanza ambalo Adongo hakulipenda.

"Ado, kesho usikuje. Huku ni kipindupindu. Watu wanahara mpaka wanashindwa kusimama."

"Hii simu ni ya nani?"

"Ya mtu. Siste, unanisikia? Usikuje."

"Nipe Mama."

"Mama amelala."

Nyuma yake lori lilipita likinguruma. Kambini, kwenye nyumba za wachuma chai, hapapiti lori. Na ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya Ijumaa. Mama yao alikuwa amechuma chai miaka thelathini; saa tano asubuhi haikuwahi kumkuta kitandani.

Adongo aliweka simu mezani. Alikuwa karani wa takwimu katika zahanati kuu ya kampuni ya chai, nje kidogo ya mji wa Kericho, na alikuwa na tabia ya kutoamini kitu kabla hajakiandika. Akaandika: namba ngeni, lori, Mama amelala. Kisha akaandika jambo la nne, ambalo hakuhitaji kukumbushwa. Kesho yake mama yao angegawa kiwanja cha Roret mbele ya wazee wa kanisa. Watoto walikuwa wawili tu, yeye na Joab, na asiyefika hangekuwa na la kusema. Joab ndiye aliyeishi na mama, katika Kambi ya Saba upande wa Bomet, na tangu Pasaka alikuwa akikiita kiwanja hicho "pale kwangu".

Okoth, mwenye probox ya kubeba abiria, alitaka jibu kabla ya saa kumi: aje kumchukua alfajiri, au kiti akipe mwingine?

Ni kweli redio ilikuwa imetaja kipindupindu katika kaunti mbili za mbali. Nusu ya wenzake ofisini walikuwa wameahirisha safari. Lakini Joab naye alisikiliza redio. Uongo ulikuwa umemfikia ukiwa umeshapikwa. Kazi yake ilikuwa kupakua tu.

Adongo aligeukia ubao. Taarifa ya wiki ilikuwa pale, imesainiwa na Hezekiah, mkuu wa zahanati. Wagonjwa wa kuhara, kambi kumi na nne. Kambi ya Tano, watatu. Kambi ya Sita, mmoja. Kambi ya Saba, sifuri. Alikuwa ameichapa mwenyewe Jumatano, kwa hiyo alijua haina kosa la chapa. Hezekiah huisoma taarifa kuanzia chini kwenda juu, akitafuta palipo wazi. "Pengo ni uzembe," husema. Kwa miaka sita hakuwahi kumrudishia Adongo jedwali.

Ili asimwonee ndugu yake, alimpigia Rodah, muuguzi wa Kambi ya Saba. Simu ilikuwa imezimwa. Saa sita, imezimwa. Saa nane, imezimwa. Akakumbuka kwamba Rodah na mke wa Joab huimba kwaya moja. Hilo nalo akaliandika.

Kisha akaipigia ile namba ngeni. Iliita sana kabla mwenye simu hajampa Joab.

"Joab, nina taarifa hapa mbele yangu. Kambi ya Saba haina mgonjwa hata mmoja."

"Nani amesema?"

"Imeandikwa. Sifuri."

Joab alicheka kicheko kikavu. "Sifuri imetoka kwa nani, Ado? Wewe hata nyumba ikiwaka utauliza kwanza fomu iko wapi."

"Na wazee wa kanisa? Wao pia wamelala?"

"Kanisa si kanisa saa hii. Siste, wacha hii maneno. Na hao watu wenu wa gari, waambie waharakishe."

"Gari gani?"

Simu ikakatika. Joab alikuwa hivyo tangu utotoni: uongo wake lazima auongezee mkia.

Saa tisa na nusu Adongo alimwambia Okoth aje.

Asubuhi njia ya kuingia Kambi ya Saba ilikuwa imezibwa kwa matawi ya mkaratusi. Joab alikuwa amejitahidi kweli. Adongo alimwacha Okoth barabarani, akayaruka matawi, akashuka kwa miguu. Majani ya chai yalikuwa yamerefuka bila kuchumwa. Banda la kupimia chai lilikuwa tupu. Wote wako mkutanoni, alijiambia, akaongeza mwendo kuelekea kanisani.

Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamerundikwa nje. Akasukuma mlango.

Watu walikuwa wamelazwa sakafuni juu ya magunia, safu kwa safu, hadi madhabahuni. Mama yake alikuwa katika safu ya pili. Joab alikuwa amepiga magoti kando yake, akimnywesha kwa kijiko maji ya sukari na chumvi. Hakuinua kichwa.

"Ni Adongo wa ofisi?"

Rodah alikuwa ameegemea ukuta, bado amevaa sare, macho yamezama.

"Ni mimi."

"Asante Mungu. Gari liko wapi?"

"Gari gani, Rodah?"

"Ugonjwa uliniangusha Jumatatu. Stima hakuna, simu zimekufa, mtu akitaka kupiga anatembea mpaka lami. Nikawaambia watulie. Ripoti yetu ikikosekana Jumatano, ofisi inatuma gari na daktari siku hiyo hiyo. Si ndiyo sheria?" Alivuta pumzi. "Tumengoja Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kwani hamkuona pengo?"

Alikuwa ameliona. Jumatano, saa sita kasoro dakika mbili, Hezekiah akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, Adongo alibonyeza sifuri, kama alivyofanya siku zote kwa kambi iliyochelewa, na jedwali likajaa.