Mnunuzi wa Gati

Halfani alikuwa katikati ya kuuza gati la Tanga, na mnunuzi alikuwa hajawahi kuiona bahari.

"Chuma kitupu, mzee," alisema, akiigonga picha kwa ukucha. "Alilijenga Mjerumani. Siku hizi ni ruksa, serikali inauza kila kitu. Ukilikata ukauza chakavu, kijiji chenu chote cha Mlali utakinunua."

Mzee Sila aliishika picha, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Hili daraja mbona halijafika ng'ambo?"

Halfani alijiuma ulimi asicheke. Kweli wajinga ndio waliwao. Miaka yote akihangaika na wajanja wa pwani, kumbe riziki yake ilikuwa huku vumbini, kwa watu wanaofukua mchanga wapate maji ya kunywa, halafu wanasema na wao wana mto.

"Halifiki ng'ambo kwa sababu ni gati, mzee wangu. Meli ndizo zinazolifuata."

"Ahaa. Na likikaa peke yake haliibiwi?"

"Nani aibe gati?"

"Kweli," alisema Sila. "Angemuuzia nani."

Fedha mzee hakuwa nazo, ila alikuwa na ng'ombe. Akampeleka zizini. Walikuwa wanono, mbavu hazionekani, lakini masikio yao yamekatwa ovyo: huyu ncha, yule pembeni, mwingine katobolewa katikati. Washamba hawa, aliwaza Halfani, hata kuweka alama moja kumewashinda.

Mkewe, Joha, alikuwa kwao tangu mwaka jana. Alishasema harudi mpaka aone nyumba ya bati, na safari hii asiletewe maneno. Halfani aliwatazama wale ng'ombe akaona mabati yanatembea.

"Chukua wote," alisema Sila. "Mimi maziwa yao nimekunywa, yanatosha. Ila usiwauze hapa, watu watauliza maswali. Wapeleke mnada wa Dodoma. Kibali cha kuwasafirisha nilishachukua wiki iliyopita. Wa kukusindikiza ndiye sina. Vijana wote wamekimbilia mjini kuuza mitumba, siku hizi hata ukitoa ndama hupati mtu wa kuswaga."

Halfani akamkabidhi picha kwa heshima zote, kama mtu anayekabidhi hati. Mzee akaikunja, akaitia mfukoni, akampa fimbo na mbwa mmoja.

Alichokiona njiani anakijua mwenyewe na Mungu wake. Ng'ombe waliingia kwenye uwele wa watu, akatukanwa Kigogo na Kiswahili. Viatu vyake vya mjini vilifunguka midomo. Yeye aliyeucheka mto wa mchanga aliinama kwenye mchanga huohuo, akichota maji kwa kopo, na ng'ombe wakanywa kwanza. Lakini hakupotea hata mmoja. Angekubalije, na kila mkia ni bati? Usiku alilala katikati yao akimcheka yule mzee, atakavyofika Tanga na msumeno.

Mnadani alifika amepauka kwa vumbi mpaka kope. Wa kwanza kumsogelea alikuwa mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi. Hakuuliza bei. Alishika sikio la ng'ombe mwekundu, akalitazama lilivyokatwa, akamvuta ng'ombe huyo pembeni. Nyuma yake mwanamume mwenye tai naye alikuwa tayari anapekua masikio.

"Dada, hatujapatana bei," alisema Halfani.

"Bei ya nini, kaka? Huyu ni wangu. Waliokatwa ncha ni wangu, wenye tundu ni wa Damas huyu, hao wengine ni wa mwinjilisti, yuko njiani anakuja. Sisi tunafanya kazi mjini, mifugo yetu anatutunzia mzee Sila. Maziwa yake, ng'ombe wetu."

Halfani aliinama, naye akashika sikio la ng'ombe wa karibu: lina tundu.

"Mwaka huu alikosa kabisa mtu wa kutuletea," aliendelea yule muuguzi, akiviangalia viatu vyake kwa huruma. "Juzi akapita hapa na basi, anacheka peke yake. Akasema tusihangaike, kapata muungwana mmoja wa pwani, na ujira wake kauacha kwangu."

Akafungua mkoba, akampa picha ya gati.