Kindi Aliyesubiri Mvua

Kindi alitunza ghala la wanyama. Kila mzigo ulipoingia, alikata alama kwenye gogo. Msimu mmoja alizembea, hakukata. Sheria yao ilisema uzembe usiposhtakiwa kabla ya mvua ya kwanza, umesamehewa. Basi akakata alama za kubuni, akasubiri.

Mvua ilinyesha. Kanga, mwendesha mashtaka, akafika manyoya yamelowa.

“Umechelewa, shangazi,” Kindi akamcheka. “Uzembe umekwenda na maji.”

“Kweli, mwanangu, shtaka hilo nalifuta. Nakushtaki kwa kughushi. Alama zako mbona bado mbichi? Kughushi hakuna msimu.”

Kindi na wanawe wakafukuzwa msituni. Adhabu ya uzembe ilikuwa kufagia ghala tu. Mungu atupe ulimi wa kukiri mapema.