Kifuniko cha Bluu

Majaji wa maonyesho ya sayansi walikuwa wamebakiza mabango mawili kumfikia Annika alipoitazama vizuri picha kwenye bango lake. Tangi la samaki lililoandikwa "bila dawa" lilikuwa na kifuniko cha bluu, rangi ya matangi ya dawa.

Muhula mzima alitia dawa kwa kufuata vifuniko, akaandika hesabu kwa kufuata lebo. Jibu lake lote lilikuwa kinyume.

"Nyamaza, shoga," mwenzake wa bwenini alimnong'oneza Annika alipomwonyesha picha. "Nani ataangalia vifuniko?"

"Nishikie kahawa," Annika alisema, akimpa kikombe.

Aling'oa kizibo cha kalamu kwa meno, akalikata kwa mstari hitimisho zima la bango, taratibu, mpaka kwenye nukta. Wino ulimchafua kidole gumba.

"Haya, binti," jaji alisema, "umegundua nini?"

Annika hakukificha kidole. "Kosa langu," alisema. "Nianzie hapo?"